Mzee Luan Akabidhi Ufunguo wa Stoo

Baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza stoo ya ushirika wetu wa wafugaji wa kambare hapa Mto Tien, Mzee Mac Van Luan anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Stoo anaiacha imejaa, na hapo ndipo penye tatizo.

Alianza kama mbeba magunia, akapandishwa cheo kwa sababu hakuwahi kupoteza kitu. Hakuwahi kutoa kitu pia. Mwenye kuomba wavu alihojiwa kama mwizi.

Ulipoletwa unga wa maganda ya hamira wa kuchanganya kwenye chakula cha samaki, mtaalamu wa mkoa alieleza taratibu: mpe samaki angali mzima, mwili wake uamshe askari wa kinga mapema, ili bakteria wakija wakute ulinzi. Mzee Luan aliitikia kwa kichwa, tena kwa heshima, kisha akaufungia unga stoo.

Bi Tham wa bwawa la pili akamfuata. "Mzee, samaki wangu wanakula vizuri. Nipe unga sasa."

"We Tham, dawa ni ya mgonjwa. Mzima anapewa chakula."

Maji yalipopanda, ugonjwa wa madoa meupe kwenye ini ukaingia. Hapo Mzee akafungua stoo na kumwaga magunia kwa ukarimu ambao hatukuwahi kuuona. Lakini samaki mgonjwa hali. Unga ukaelea, na samaki wa Bi Tham nao wakaelea. Mwaka ule watoto wa Bi Tham walisherehekea Tet, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kwa uji. Jambo hilo linatuuma mpaka leo, na hatutajifanya tumesahau kwa kuwa tu kuna keki ya kumuaga mezani.

Sifa za uvumbuzi alizipata mwaka uliofuata. Alitaka pombe ya mchele kwa kumbukumbu ya marehemu baba yake, na hamira, alijiambia, si ipo stoo? Kwa wiki kadhaa alichanganya mtungi baada ya mtungi. Hakuna uliochachuka, maana maganda matupu hayachachui kitu. Kila mara aliumwaga ule wali wenye unga kwenye bwawa la nyuma ya nyumba yake, samaki wake wazima wakaula, na siku ya kumbukumbu wageni wakanywa chai. Ugonjwa uliporudi, ni bwawa hilo tu lililosalimika. Mkoa ukamwita aeleze mbinu yake, naye akaeleza asubuhi nzima bila kuutaja mtungi.

Tangu hapo unga hutolewa kwa samaki wazima, ingawa kwa kijiko cha chai na kwa manung'uniko.

Anayepokea ufunguo ni Bi Tham. Tulipomuuliza ataanza na nini, alisema, "Na kung'oa kitasa."

Mzee Luan, asante kwa kila ulichotutunzia. Tunakuombea mapumziko matamu, mtungi wenye hamira hai na afya tele. Na siku afya ikiyumba, Mungu akupe daktari asiyengoja uzidiwe ndipo afungue kabati la dawa.