Jina la Nani Juu ya Jalada

FUNDI: Haloo? Nani?

BIBI: Mimi hapa, bibi yako. Hujambo, Fundi wangu?

FUNDI: Sijambo. Shikamoo, bibi. Ila sasa hivi siwezi—

BIBI: Marahaba. Shangazi yako kapita hapa asubuhi, kaniambia tangu jana huli, hulali, unagombana na kompyuta.

FUNDI: Shangazi naye! Mdomo wake hauna mlango.

BIBI: Hauna hata pazia. Haya, niambie mwenyewe. Kuna nini?

FUNDI: Kava, bibi! Kava tu! Ripoti yangu ya majokofu ya chanjo nimeimaliza, michoro na kila kitu. Chuo kinataka iwe na jalada la mbele, safi, la kiofisi. Kichwa cha ripoti, jina langu, nembo ya chuo. Tovuti yao inafungwa saa kumi leo. Nikikosa, narudia mwaka mzima.

BIBI: Si uandike tu hilo jina, mama?

FUNDI: (anashusha pumzi) Kompyuta ina majalada yake tayari. Unachagua moja, linajipachika lenyewe mbele. Sasa mimi nikichagua, pale pa mwandishi panajijaza. Jina la mtu.

BIBI: La nani?

FUNDI: Unamjua. Kompyuta si ilikuwa yake, bibi? Hii aliyoiacha mezani siku aliyoondoka. Nachagua jalada la bluu, yumo. La kijivu, yumo. Miaka yote hiyo hakupiga hata simu, leo anajitokeza kwenye kila kava kama vile—

BIBI: Taratibu, mama. Nimekuweka kwenye spika, sikio langu hili—

FUNDI: Spika? Yuko hapo?

BIBI: Baba yako? Yuko ndani, amelala. Ugonjwa umemchosha.

FUNDI: Sawa. Maana nilishasema tangu arudi huko kwako. Nikisikia sauti yake, nakata.

BIBI: Ulisema. Hutaisikia.

FUNDI: Haya. Basi nikalifuta lile jina, na kisanduku chake chote, nikaandika langu. Ukiliangalia liko sawa kabisa! Nikatuma. Chuo kikarudisha. Eti, "Faili hili limeandikwa na mtu mwingine. Wasilisha kazi yako mwenyewe." Mimi, bibi! Mimi niliyelala chali sakafuni nyuma ya majokofu ya hospitali, tochi nimeing'ata mdomoni!

BIBI: Yaani wanakuita mwizi?

FUNDI: Hawajalitamka tu. Nimetuma tena, imerudi. Nimebadilisha rangi, imerudi. Hapa karakana wenzangu wameshaacha kunisalimia, wananipitia kwa mbali. Nitaipigiza hii kompyuta ukutani, haki ya—

(mkwaruzo)

BIBI: ...loo? Haloo? Usikate. Ngoja kidogo.

(kimya)

BIBI: Eti, umefuta mpaka kisanduku?

FUNDI: Ndiyo.

BIBI: Hapo ndipo ulipokosea. Umefuta la usoni tu. Jina lenyewe bado liko tumboni mwa faili. Na chuo kinasoma tumboni, hakisomi usoni.

FUNDI: Bibi.

BIBI: Naam.

FUNDI: Umeyajulia wapi hayo?

BIBI: Nimesoma mimi. Darasa la nne si mchezo.

FUNDI: Darasa la nne lenu lilikuwa na kompyuta?

BIBI: Lilikuwa na chaki na fimbo. Unataka kusaidiwa, au unataka kunifanyia usaili?

FUNDI: Nisaidie.

BIBI: Nenda... ngoja. (kimya) Nenda kwenye Faili. Juu, pembeni kushoto.

FUNDI: Nimeenda.

BIBI: Halafu Maelezo.

FUNDI: Nipo. Imefunguka.

BIBI: Angalia mkono wa kulia, shuka chini. Pameandikwa Mwandishi?

FUNDI: Pame... eeh. Yupo. Jina lake lote, na kiduara chenye herufi zake.

BIBI: Umeona? Sasa, juu ya hilo jina, mbonyeze panya upande wa kulia.

FUNDI: Kipanya, bibi.

BIBI: Awe mdogo awe mkubwa, mbonyeze. Nini kimetokea?

FUNDI: Kuna maneno yameshuka. Yanasema, "Ondoa mtu."

BIBI: Hapo hapo.

FUNDI: Yameandikwa hivyo hivyo, bibi. "Ondoa mtu."

BIBI: Tumesikia. Nimesikia. Ondoa, mama, muda unakwenda.

(kikohozi)

FUNDI: Nani huyo anakohoa?

BIBI: Redio.

FUNDI: Redio inakohoa?

BIBI: Betri zimechoka.

(mkwaruzo)

BIBI: Haloo? Umekata?

FUNDI: Sijakata.

BIBI: Haya.

FUNDI: Hebu... hebu iulize hiyo redio. Nikishaondoa, na lile jalada nililoliharibu nalifanyaje?

BIBI: Inasema... ngoja, sauti yake ndogo. Inasema litoe lote. Uweke jipya. Kisanduku cha mwandishi kitakuja kitupu. Uandike mle mle ndani, usikifute tena.

FUNDI: Nimeondoa. Natoa jalada. Naweka... la bluu.

BIBI: Inauliza kwa nini si la kijivu.

FUNDI: Iambie haijaombwa ushauri wa rangi!

BIBI: (anacheka) Imesikia.

FUNDI: Kitupu, bibi. Kweli kiko kitupu.

BIBI: Haya, andika. Jina lako lote, kama lilivyo kwenye kitabu cha chuo.

FUNDI: Lote?

BIBI: Wewe mara zile ulikuwa unaandikaje?

FUNDI: Langu tu. Na la mama.

BIBI: Na chuoni umeandikishwaje?

FUNDI: Langu. Na lake.

BIBI: Mimi sisemi kitu. Jina ni lako.

(sauti ya vitufe)

FUNDI: Nimeandika.

BIBI: Lote?

FUNDI: Bibi, nimeandika! Nahifadhi. Natuma. Inazunguka... inazunguka... Mtandao huu nao! Jamani, si mnajua ni saa ngapi?

BIBI: Vuta pumzi.

FUNDI: Inazunguka tu! Imekwama. Imekwama, bibi, wanafunga sasa hivi, basi tena, nime—

(mkwaruzo)

BIBI: Haloo? Fundi? Mama?

FUNDI: Imekubali.

BIBI: Unasema?

FUNDI: Imekubali! "Ripoti imepokelewa." Na jina langu liko hapo chini!

BIBI: Alhamdu... asante Mungu! Asante! Nikikaa nitalia, na nikisimama magoti hayataki.

FUNDI: (anacheka, anapenga kamasi) Lia tu.

BIBI: Salio langu hili limebaki la kulamba, lakini wacha liishe.

FUNDI: Bibi. Nimemwondoa mtu, halafu nimemwandika tena kwa mkono wangu. Nyuma ya jina langu.

BIBI: Nimekuelewa.

FUNDI: Redio inasemaje?

BIBI: Haisemi kitu. Ulivyosema "imekubali" tu, kichwa kikaanguka kwenye mto. Tangu shangazi yako alete habari asubuhi, kagoma kulala. Namwambia kunywa dawa ulale, ananiambia mpigie kwanza, mpigie kwanza.

FUNDI: Ulisema amelala.

BIBI: Nilidanganya. Sasa ndiyo amelala. Sikiliza.

(mkoromo mdogo)

FUNDI: Bado anakoroma vilevile.

BIBI: Vilevile.

FUNDI: Mfunike miguu, bibi. Huwa anaiacha nje, halafu anaamka analalamika bari—

BIBI: Haloo? Haloo? (simu imekatika) Nimeshamfunika, mama. Nimeshamfunika.