Hakuteleza

Kwenye treni ya asubuhi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alikuwa akimsimulia mwashi aliyekaa karibu naye habari za mdogo wake, fundi rangi. Walikuwa hawajuani. "Alianguka kutoka juu ya ngazi, akavunjika mkono. Hospitali wakamuuliza kama aliteleza, akasema ndiyo."

"Ngazi zinateleza, dada," mwashi alisema.

"Hakuteleza, kaka yangu. Alizimia kwanza, ndipo akaanguka. Lakini nani atampa kazi fundi rangi anayezimia? Wakafunga mkono, moyo wakauacha."

Kumbe muda mrefu moyo wake ulikuwa ukienda mbio, halafu unasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Pumzi zikawa zinamwishia, miguu inavimba. Alipozimia tena ndipo daktari akaujua ugonjwa. Unaitwa sarkoidosisi, vivimbe vidogo vilivyoingia moyoni na kuharibu njia za umeme wake.

"Sikujua moyo una umeme," mama alisema. "Nimejua, na wake ukakatika. Tumeshamzika."

"Pole sana. Ila sisi wa kazi za sulubu sote moyo unatuenda mbio. Ni uchovu tu."

Mwashi alibisha hivyo huku kiganja chake kikiwa kifuani tangu kituo cha nyuma. Mimi si daktari, nikatazama dirishani.

Treni iliposimama, mwashi aliinuka, akayumba, akang'ang'ania bomba la mlangoni akihema. Mama naye akainuka amdake. Sakafu ilikuwa kavu kabisa.

"Nimeteleza tu, dada," akasema, akashuka.