Televisheni Yaenda Kikaoni

Feri ilipong'oa nanga Mbita, Javan alimwonea huruma mama aliyeketi kando yake, amepakata televisheni iliyofungwa kwa leso. "Imeharibika, Mama? Unaipeleka kwa fundi?"

"Nzima kabisa. Inaenda kutoa ushahidi."

Javan akajuta kuuliza, lakini feri haina pa kushukia katikati ya ziwa.

"Juzi nilirudi Mbita kutoka kumzika mume wangu," mama akaendelea. "Nikawasha TV nisikie mahubiri. Mhubiri anaomba kwa sauti ya chini, nikaongeza. Kabla hajasema amina, likaingia tangazo la bia, ngoma mpaka mabati yakatetemeka. Na shemeji yangu ndiyo kwanza anafika mlangoni kunipa pole! Akarudi kisiwani mbio kutangaza eti mimi, Filister, nasherehekea. Leo ukoo umeita kikao, niombe msamaha."

"Si uombe tu, yaishe? Ungeshika rimoti, ungepunguza mara moja."

"Omera, ndugu yangu, mimi ni mjane au ni mlinzi wa rimoti? Aliyepiga kelele ni mimi au ni wao wa tangazo? Msamaha siombi! Nitaiweka mezani, niwashe mahubiri kwa sauti ile ile niliyoiacha siku ile, kisha sote tungoje tangazo."

"Lakini wazee wana presha, Mama."

"Na mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na matanga."

Feri ikatia gati Mfangano. Javan akamshikia televisheni upande mmoja, wakashuka taratibu. "Angalau rimoti umebeba?"

"Nimeiacha nyumbani," Filister akasema. "Makusudi."