Wastani wa Viuno Arobaini

SHANGAZI: Haloo! Limebaki vifungo tu, njoo kesho!

MKUTUBI: Shangazi—

SHANGAZI: Nimesema vifungo tu! Na upindo kidogo. Ijumaa bila kukosa.

MKUTUBI: Shangazi, ni mimi. Sina gauni kwako.

SHANGAZI: Wewe nani?

MKUTUBI: Mtoto wa kaka yako. Wa maktaba ya shule.

SHANGAZI: Aa, mkutubi wangu! Si ungesema mapema, nimeshadanganya bure.

MKUTUBI: Shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, baba. Mbona sauti inatoka kama umo ndani ya pipa?

MKUTUBI: Nimejificha stoo, nyuma ya ramani mbovu. [mtandao unakwaruza] Shangazi, nimekwisha.

SHANGAZI: Umemaliza masomo? Hongera! Ngoja nipige kigelegele—

MKUTUBI: Sijamaliza! Nimekwisha mimi! Daktari amenipigia.

SHANGAZI: Daktari! Unaumwa nini?

MKUTUBI: Siyo daktari wa sindano.

SHANGAZI: Wa sindano ni mimi.

MKUTUBI: Ni msimamizi wangu wa uzamili. Anayenifundisha ukutubi kwa masafa.

SHANGAZI: Yule ambaye hujawahi kumwona?

MKUTUBI: Namwona kwenye simu. Kuanzia kidevu kwenda juu.

SHANGAZI: Mwaka wa tatu huu, mtu hujui hata kama ana miguu, na unamwogopa.

MKUTUBI: Sikiliza kwanza. Zile karatasi arobaini za utafiti, nilizokuachia uwagawie wateja wajaze. Wanapata wapi habari, wanazitunzaje.

SHANGAZI: Si nilikurudishia zote? Hata tone la chai halikuzigusa.

MKUTUBI: Ulirudisha. Nikaziandikia sura nzima, nikatuma. Sasa daktari anasema zote arobaini zina mwandiko mmoja.

SHANGAZI: [anatafuna karanga]

MKUTUBI: Haloo?

SHANGAZI: Mtandao mbaya.

MKUTUBI: Mtandao mzuri! Nasikia unavyotafuna karanga!

SHANGAZI: Nimeacha.

MKUTUBI: Anasema ni udanganyifu. Saa tisa ananipigia tena, nikikosa maelezo jina langu linafutwa. Miaka mitatu, shangazi! Nimesoma bafuni. Nimesoma kwenye foleni ya kinyozi, nikapitwa na watu wanne. Mtihani wa kuainisha vitabu nimeufanya na mtoto kanikalia begani!

SHANGAZI: Najua, baba. Najua.

MKUTUBI: Tena anasema majibu yenyewe ni vituko. Karatasi ya sita: "Umewahi kutumia katalogi?" Jibu: "Ndiyo, nikavimba uso siku tatu."

SHANGAZI: Ndivyo alivyosema.

MKUTUBI: Katalogi ni orodha ya vitabu!

SHANGAZI: Mimi ningejuaje? Nilimshauri arudi kwenye sabuni ya kawaida.

MKUTUBI: Ya kumi na moja: "Umeridhika na huduma za marejeo?" Jibu: "Sirejei, hata akileta wazee kumi."

SHANGAZI: Na hajarejea. Yuko kwa mama yake, amenawiri, juzi nimempanulia gauni pande zote mbili.

MKUTUBI: "Nyaraka zako muhimu unazihifadhi wapi?" Thelathini na wawili: chini ya godoro. Wanane: "Sikuambii."

SHANGAZI: Hao wanane ndio wenye akili.

MKUTUBI: Na wa ishirini na tatu ni mwanamume, seremala, miaka hamsini na moja, ana mimba ya miezi sita.

SHANGAZI: Lo! Hapo nilikuwa nampima mkewe, mambo yakaingiliana.

MKUTUBI: Unampima vipi tena, na karatasi— Shangazi. Zile namba tatu pembeni ya kila karatasi.

SHANGAZI: Namba zipi?

MKUTUBI: Thelathini na sita, thelathini, arobaini na mbili...

SHANGAZI: Kifua, kiuno, nyonga.

MKUTUBI: [anahema]

SHANGAZI: Daftari langu lilikuwa limejaa, nikaona pembeni pana nafasi. Mbona unahema?

MKUTUBI: Maswali matatu ya mwisho uliyaacha wazi. Nikadhani majibu yake umeyaandika pembeni. Idadi ya vitabu nyumbani, mara wanazokwenda maktaba kwa mwaka, dakika za kusoma kwa siku.

SHANGAZI: Yaani kifua umekifanya vitabu?

MKUTUBI: Na kiuno ni ziara za maktaba! Nimepiga wastani wa viuno arobaini, shangazi! Liko jedwali la nne! Nimechora na grafu, ina rangi! Nikaandika chini yake, "Matokeo haya yanatia moyo."

SHANGAZI: [anacheka mpaka anakohoa] Na nyonga je?

MKUTUBI: Dakika arobaini na tatu za kusoma kila siku!

SHANGAZI: Uwii! Basi yule mama wa mkaa hasinzii kabisa, anasoma tu!

MKUTUBI: Usicheke!

SHANGAZI: Sicheki. [anacheka] Nimeacha, nimeacha.

MKUTUBI: Niambie ukweli. Ulikaa ukazijaza peke yako, siyo?

SHANGAZI: Wewe! Mimi huyu? Mwandiko ni wangu, maneno ni ya wenyewe.

MKUTUBI: Sasa kwa nini hukuwapa kalamu?

SHANGAZI: Kalamu ilikuwa moja.

MKUTUBI: Nilikupa pakiti nzima.

SHANGAZI: Haloo? Sikusikii.

MKUTUBI: Pakiti nzima, shangazi! Ya bluu!

SHANGAZI: Basi walisahau miwani.

MKUTUBI: Watu arobaini?

SHANGAZI: Wiki ile miwani ilisahaulika sana.

MKUTUBI: Karatasi ya thelathini ni binti wa miaka kumi na tisa, msusi. Msusi anaona mvi moja kutoka ng'ambo ya barabara! Miwani ipi?

SHANGAZI: Aliisahau.

MKUTUBI: Hajawahi kuwa na—

SHANGAZI: Nimesema aliisahau, mwanangu.

MKUTUBI: [kimya]

SHANGAZI: Upo?

MKUTUBI: Nipo. Shangazi, swali la tatu. "Je, unajua kusoma na kuandika?" Wote arobaini wamejibu ndiyo.

SHANGAZI: Niliwauliza, wakasema ndiyo.

MKUTUBI: Halafu ukawasomea swali la nne.

SHANGAZI: Nikawasomea swali la nne.

MKUTUBI: Na ukawaandikia jibu.

SHANGAZI: Sasa ulitaka nifanyeje? Mtu mzima kakaa kwenye kiti changu, kanitazama usoni, kasema ndiyo. Nimwandike mwongo? Mteja akiniambia kiuno chake ni thelathini, mbele yake naandika thelathini. Kitambaa cha akiba nakikunjia ndani.

MKUTUBI: Ngoja. Ina maana hata viuno si vya kweli?

SHANGAZI: Viuno hasa usiviamini.

MKUTUBI: Mungu wangu.

SHANGAZI: Nyonga ndizo za kweli. Nyonga hazina pa kujificha.

MKUTUBI: [anacheka bila kutaka] Na swali la kwanza? "Ukihitaji habari muhimu, unamwendea nani?" Thelathini na saba wamesema fundi cherehani. Daktari anasema hapo ndipo mwongo alipojianika.

SHANGAZI: Hilo nami lilinishangaza. Labda wanapenda redio yangu.

MKUTUBI: Redio yako iliharibika.

SHANGAZI: Basi labda wanapenda kiti.

MKUTUBI: Wanakuletea nini, shangazi? Barua za shule za watoto? Karatasi za hospitali?

SHANGAZI: Wananiletea vitambaa. Mimi ni fundi.

MKUTUBI: Tangu lini?

SHANGAZI: Baba yako alikuwa hajaoa bado.

MKUTUBI: [mtandao unakwaruza] ...saa tisa kasoro dakika mbili. Nimwambie nini huyu mtu?

SHANGAZI: Mwambie nilizijaza mimi mwenyewe. Sema nina shangazi mzee, kichwa kimechoka, alikuwa anacheza.

MKUTUBI: Kichwa chako kimechoka wapi?

SHANGAZI: Chuoni kwenu nani ananijua? Mimi nisemwe, haidhuru. Wao wasiguswe.

MKUTUBI: Nikisema hivyo, kazi yote inatupwa.

SHANGAZI: Sikutaka kukuharibia, baba. Nilidhani karatasi ni karatasi tu.

MKUTUBI: Hujaniharibia. Mimi ndiye niliyeandika swali la— anapiga! Anapiga kwenye laini nyingine!

SHANGAZI: Usiwataje!

MKUTUBI: Simtaji mtu!

SHANGAZI: Kaa wima! Funga kifungo cha juu—

[simu inakatika; baada ya nusu saa inaita tena]

SHANGAZI: Haloo! Wamekufukuza?

MKUTUBI: Hawajanifukuza.

SHANGAZI: Sema tena.

MKUTUBI: Hawajanifukuza! Nimemwambia wahojiwa waliulizwa kwa mdomo, kila mmoja, na mwandishi alikuwa mmoja, na kosa ni langu mimi niliyezituma bila kueleza. Nikasema mwandishi ni msaidizi wangu wa utafiti, mwenye uzoefu wa muda mrefu.

SHANGAZI: Ndiye nani huyo?

MKUTUBI: Ndiwe wewe.

SHANGAZI: Aa! Na mimi nimepanda cheo bila kujua!

MKUTUBI: Halafu nikamwambia swali la tatu naliondoa.

SHANGAZI: Hakuuliza kwa nini?

MKUTUBI: Aliuliza. Nikasema swali lile halikuwa na adabu.

SHANGAZI: Akasemaje?

MKUTUBI: Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Liondoe."

SHANGAZI: Hivyo tu?

MKUTUBI: Hivyo tu.

SHANGAZI: Mtu mzuri huyo. Na viuno?

MKUTUBI: Usinikumbushe. Lile jedwali alishalipeleka kwenye kikao cha idara. Mkuu wa idara alilisifu, akasema mtaa huo upewe maktaba ya pili.

SHANGAZI: [anacheka] Ukamwambia ni nini?

MKUTUBI: Nikamwambia. Hakucheka, akasema, "Samahani kidogo," akazima sauti. Lakini picha alisahau kuizima. Shangazi, nimemwona akiinama mpaka akatoka kwenye kioo chote.

SHANGAZI: Basi hana neno, huyo ni mwenzetu.

MKUTUBI: Sura ya nne naandika upya, miezi mitatu. Na nimemwomba niibadilishe kabisa. Naja kwako Jumamosi nikae pembeni, nione tu watu wanavyokuja. Bila karatasi.

SHANGAZI: Bila kalamu pia?

MKUTUBI: Bila kalamu.

SHANGAZI: Na ukiona mtu kaingia anataka kuongea na mimi peke yangu?

MKUTUBI: Natoka nje.

SHANGAZI: Utatoka bila kuambiwa?

MKUTUBI: Bila kuambiwa.

SHANGAZI: Basi njoo. Utanishikia pasi, usikae bure. Subiri. Kuna mtu mlangoni. Karibu, mama, pita, pita ndani.

MKUTUBI: Mteja?

SHANGAZI: Mteja.

MKUTUBI: Kaja kuchukua nguo?

SHANGAZI: Hapana.

MKUTUBI: Kaleta kitambaa?

SHANGAZI: [anashusha sauti] Ana bahasha. Wasalimie watoto, baba. Nakata, maana huyu sauti yake ni ndogo, na huku nje wamejaa watu barazani. Nitaikanyaga cherehani tupu ipige kelele, nisome wasisikie. Haya, kwa heri, kwa heri—