Mama Nguchiro na Vigae Arobaini

Ndugu, jamaa na majirani, historia hii ya marehemu nimeiandika mimi mumewe, na nimeomba niisome mwenyewe, kwa sababu ina jambo moja ambalo mtu mwingine hawezi kulisema kwa niaba yangu.

Mke wangu, ambaye wengi mlimwita Mama Nguchiro, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi viatu na muuguzi, na mama mkwe alipenda kusimulia kwamba akiwa na miaka minne alinusa kiatu na kusema ni cha nani, bila kukosea, jambo lililowafurahisha wateja wote isipokuwa wenye viatu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1976, akapata shahada ya kwanza ya zoolojia mwaka 1980 na ya uzamivu mwaka 1990, akaajiriwa na idara ileile ya chuo kikuu alikosomea, akafundisha humo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017. Tulifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, tukajaliwa mabinti wawili, kifungua mimba mwaka 1987 na kitinda mimba mwaka 1991, nao walikulia katika nyumba isiyo na manukato, kwa kuwa mama yao alichunguza jinsi nguchiro wanavyojuana kwa harufu wanazopaka kwenye mawe, na hakutaka kuwapelekea zetu.

Alitumia vigae arobaini vyeupe, nguchiro wa kundi moja wakavipaka harufu yao, naye akaviweka mbele ya kundi jingine na kupima wangevinusa kwa muda gani, kisha vyote vikachemshwa kwa maji matupu ili visibaki na harufu yoyote. Mwezi Julai 1994 mimi, mwalimu wa hesabu, nilijitolea kuvichemsha kila Jumamosi ili apumzike, na kwa kuwa niliona maji matupu hayatoshi, nikaongeza sabuni ya ndimu kidogo. Nguchiro wakawa wananusa kila kigae sawasawa, cha mgeni na cha mwenyeji, naye hakujua sababu hadi Novemba, nilipojisifu mezani mbele ya shemeji yangu kwamba mimi pia ni mtu wa maabara.

Vipimo vya miezi minne vilitupwa, ripoti ya idara ikaandika uzembe wa mtafiti, na kupandishwa kwake cheo kukachelewa miaka mitatu. Nilimwomba anitaje, akanijibu kwamba mume hatajwi kwenye ripoti, labda kwenye shukrani, na kweli katika makala yake ya 1998 alinishukuru kwa usafi uliopita kiasi. Leo, mbele ya wenzake wa idara, naomba ijulikane kwamba uzembe ule ulikuwa wangu.

Figo zake zilianza kumsumbua Agosti 2022, akatibiwa kwa karibu miaka miwili, na akafariki tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mimi na binti zetu tukiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia wiki nzima, na wenzake wa idara, ambao wameomba vile vigae kwa ajili ya wanafunzi. Vipo tayari, nimevichemsha jana, vyote arobaini, kwa maji matupu.

Pumzika sasa, mke wangu, uwe na amani.