Alzira Monteiro na Viraka vya Gobore

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Alzira Monteiro alizaliwa Tanga tarehe 14 Machi 1936, akasoma kwa masista hapohapo hadi darasa la nane, mwaka 1950, kisha akajifunza ushonaji, na tarehe 27 Desemba 1958 akafunga ndoa na Olavo, wakajaliwa watoto wawili, Alicia mwaka 1960 na Lester mwaka 1963.

Walihamia Toronto Mei 1974, wakapanga nyumba katika mtaa wa Weston, naye akakata vitambaa katika kiwanda cha magodoro kwa miaka kumi na saba, hata akawa anasema kwamba usingizini vidole vyake viliendelea kupapasa pamba, mita baada ya mita, jora lisiishe.

Mwaka 1991 Olavo alistaafu, akajiunga na klabu ya walenga shabaha kwa gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, ambayo risasi yake huvishwa kiraka cha kitambaa chenye mafuta ili ikae imara, na kiraka chake cha kwanza, kwa kuwa kilichanganywa na nailoni, kiliyeyuka kikaganda ndani, Alzira akamwambia, "Baba Alicia, risasi umeivisha shati la karani." Tangu hapo kitambaa cha viraka alichagua yeye: alichoma uzi kwa kiberiti kuhakikisha ni pamba tupu, akafua kitambaa kuondoa wanga, akapima unene kwa vidole viwili.

Februari 1997 aligundulika kuwa na saratani, dawa zikavitia vidole ganzi, naye hakuogopa kifo kama alivyoogopa kushika kitambaa asikitambue. Septemba, Alicia alimpeleka dukani kwa kiti cha magurudumu, naye akagusisha kila jora kwenye mdomo wake wa juu, macho ameyafumba, kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali, hadi muuzaji akauliza kama mama amelala.

"Hiki," akasema. "Mita mbili."

Jumamosi tarehe 11 Oktoba Olavo alishindana, akaokota kwenye nyasi viraka vyake vilivyoruka mtutuni pamoja na risasi, akampelekea Alzira hospitalini alikolazwa, naye akavigusisha mdomoni kimoja kimoja, vyote vizima, isipokuwa kimoja kilichoungua ukingoni.

"Hapa ulizidisha baruti."

Olavo alikiri. Alzira alifariki Jumatano tarehe 15, asubuhi, akiwa amelala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Weston, wenzake wa kiwandani, pamoja na wanaklabu, ambao jana walimuuliza Olavo kitambaa cha msimu ujao atakichaguaje, naye akatoa mfukoni kile kiraka kilichoungua, akakigusisha kwenye mdomo wake wa juu.

Alzira, upumzike kwa amani.