Kiti cha Mlangoni cha Dada Niachie

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha dobi cha hospitali yetu, Dada Niachie anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi lipo kwenye kadi ya mwaliko, kwa wale waliolisahau. Sisi tumemzoea kwa neno lililokuwa haliishi mdomoni mwake. Mashine imegoma? Niachie. Mapazia ya wodi ya watoto yamechanika? Niachie.

Alianza kwa kukunja mashuka, akawa msimamizi wa zamu, kisha mkuu wa idara. Ni yeye aliyepigania tupate mashine ya kukaushia, tukaacha kuanika huku tukichungulia mawingu.

Nyumbani nako alikuwa na zamu nyingine: watoto watatu, mama mkwe aliyekuwa mgonjwa kitandani, mume dereva wa masafa marefu, na majirani waliokwisha kujua kwamba hawezi kukataa. Akawa anawahi kazini ili apige pasi sare za wanawe kabla ya zamu. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Asubuhi moja daktari wa upasuaji alifungua furushi la mavazi yake akakuta sweta la shule, limenyooshwa vizuri na kifungo kimeshonwa upya. Saa hiyohiyo kitinda mimba wa Dada alikuwa darasani, amevaa joho la kijani linaloburuzika sakafuni, akishikilia kwamba ndilo alilopewa na mama. Mgonjwa hakudhurika, alisubiri kidogo tu. Hospitali nzima ilicheka, isipokuwa yeye.

Kesho yake alileta funguo, akitaka kuacha kazi. Alikuwa amechoka kupita kiasi, na kumwona vile kulituuma. Metroni wa wakati ule alikataa kuzipokea. Alivuta kiti kimoja chakavu, akakiweka mlangoni, akaamuru kwamba kila Dada akifika na kila akitoka akae hapo hadi kikombe cha chai kiishe, na atakayemsemesha atakiona cha moto.

Mwanzoni alikaa kama mtu aliyepewa adhabu. Polepole tukaona mabadiliko. Kwenye kiti kile hakuwa mkuu wa mtu wala mama wa mtu, na alipoinuka alijua lipi lake na lipi la wengine. Binti yake mkubwa akachukua zamu ya jioni kwa bibi. Mume akajifunza kupiga pasi, nasi tukavumilia kimyakimya suruali za watoto zenye mistari miwili ya pasi. Baadaye tukaanza kugombea kiti hicho sisi wenyewe. Hadi leo aliyekaa pale hasemeshwi, awe daktari au mfagizi.

Wiki iliyopita tulitaka kumzawadia kiti chenyewe. Alikataa katakata: fundi wetu wa mashine amepata mapacha, siku hizi anasinzia amesimama. Kisha tukasikia kwamba mtaani wameshamwingiza Dada kwenye kamati mbili, na wajukuu wanaletwa Jumatatu. Tukatazamana.

Basi tumenunua kiti kipya, chenye mto, na jana tulikipeleka wenyewe nyumbani kwake. Kipo mlangoni. Watoto na majirani wamesomewa sheria yake, na mume ndiye mlinzi.

Asante, Dada, kwa mashuka meupe na kwa kutufundisha kukaa. Tunakuombea afya na siku za raha tele. Ukisikia mtu anakuita kutoka ndani, maliza chai kwanza.